Kamera Mbili na Kidole Kilichokufa Ganzi

Jumapili, Likasi. Mvua ya alasiri, moyo kimya.

Mvua imetukuta njiani tukitoka kwenye ubatizo, na sasa inapiga mabati kwa nguvu hata redio ya jirani haisikiki. Nimeketi kitandani na suruali yenye matope ya mto. Sina furaha, sina huzuni. Niko tu, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

Naandika kwa kidole gumba. Katika mkono wa kulia, hicho ndicho bado kinanitii vizuri.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mtu wa Kongolo. Shule niliiacha sekondari kabla ya kuimaliza, nikashuka huku kusini kutafuta kazi. Mke wangu na binti yetu Nyota wamebaki kule. Wiki nzima nalala kwenye kambi ya machimbo upande wa Kakanda, Jumamosi lori linatuleta mjini, Jumatatu alfajiri linatuchukua tena. Kazi yangu ni kushika mashine ya kupasua mawe, ile tunayoiita marto. Unaikamata kwa mikono miwili nayo inakutikisa mpaka kwenye meno. Ukiizima, mwili unaendelea kutikisika wenyewe.

Mwanzoni vidole vilikuwa vinanichoma kama vimeguswa na upupu. Baadaye, asubuhi za baridi, vikaanza kugeuka vyeupe, vyeupe kama vya mtu aliyetoka kuponda unga. Sasa kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi kabisa. Nikishika kikombe cha chai, natazama kwa macho kuona kama kweli nimekishika.

Muuguzi wa zahanati aliniambia bila kuzunguka. Ukiendelea na marto, hivyo havitarudi, na vingine vitafuata.

Ndiyo maana nataka kamera.

Papa Jérémie, mpiga picha wa kanisa letu, anahamia Kolwezi kwa mwanawe. Ndiye aliyetupigia picha za harusi zetu, ubatizo wetu na vilio vyetu. Anayepanga shughuli hizo ni mke wa mchungaji, Mama Pasteur. Ameona picha ninazopiga kwa simu na anazipenda. Aliniambia: tafuta kamera ya maana, utupigie ubatizo wa Jumapili hii, picha zikitoka vizuri, nafasi ya Papa Jérémie ni yako. Zikitoka vibaya, kanisa litamwita mtu mwingine.

Kwangu maana yake ilikuwa fupi. Picha nzuri, naachana na marto. Picha mbaya, narudi kwenye marto mpaka mikono iishe.

Sasa kuhusu kamera. Msomaji mmoja aliwahi kuniuliza hapa: mtu anayeanza anunue reflex gani, na je, stabilisateur ni ya lazima? Reflex ni zile kamera nzito ambazo lenzi yake unaifungua na kuweka nyingine, na unatazama kwa jicho moja kwenye kidirisha. Stabilisateur ni kifaa kilicho ndani ya lenzi. Mkono ukitikisika kwenda huku, chenyewe kinasogeza kioo kidogo kwenda kule, picha isiharibike. Sikumjibu yule ndugu kwa sababu na mimi nilikuwa natafuta jibu hilo hilo. Leo ninalo. Si lile nililokuwa nalitegemea.

Jana nilikwenda kwa Mama Béa. Anauza simu na kamera za mitumba karibu na soko, na tunasali kanisa moja, kwa hiyo ana ruhusa ya kunicheka. Aliweka kamera mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa bado mpyampya, nyepesi, kioo chake cha nyuma kisafi, lakini lenzi yake haikuwa na stabilisateur. Ya pili ilikuwa ya zamani, mpira umebanduka pale pa kushikia, ila ubavuni mwa lenzi kulikuwa na kiswichi kidogo cha kuwashia stabilisateur. Bei zao zilikaribiana. Hela haikuwa swali. Swali lilikuwa mimi.

"Weye iko unatazama hii ya kizee sababu gani?" Mama Béa aliniuliza.

Nikamwambia mikono yangu inatetemeka.

"Nani hatetemeke? Minye natetemeka kila mara bwana yangu anasema iko anakuja na bageni ya kula. Kamata hii mupya, ndugu. Jua itakusaidia."

Alikuwa anasema kweli. Video zote nilizotazama kambini zinasema hivyo hivyo. Mchana, penye mwanga mwingi, kamera inafumba na kufumbua haraka mno, mtetemo wa mkono haupati nafasi ya kuingia. Stabilisateur inasaidia ndani ya nyumba yenye giza, na inasaidia kwa vitu vilivyotulia. Mtu anayecheza haiwezi kumtuliza. Na kanisani kwetu nani anatulia? Hata bibi wa miaka mingi anaruka. Papa Jérémie naye aliniambia nisijisumbue na stabilisateur, nishike viwiko karibu na mbavu na nizuie pumzi, basi.

Nikachagua ile mpya. Mama Béa akaniazima niijaribu kwenye ubatizo kabla ya kuinunua. Ya zamani akaitia kwenye mkoba wake. "Nitabeba na hii," alisema. "Ukilia, iko hapa."

Kitu kimoja sikumwambia yeye wala Papa Jérémie. Niliwaambia mikono inatetemeka. Sikuwaambia kwamba vidole havisikii. Hata mtu mwenye afya anaweza kusema mbele ya watu kwamba anatetemeka. Ganzi ni kitu kingine. Ukiisema, watu wanaangalia mikono yako kama wanaangalia mgonjwa.

Leo asubuhi tulikwenda mtoni, kwenye njia ya Buluo. Jua lilikuwa kali, maji rangi ya chai ya maziwa. Wanaobatizwa walivaa kanzu nyeupe, kwaya ilipiga ngoma ukingoni, mchungaji alisimama majini mpaka kiunoni na kuwaita mmoja mmoja. Papa Jérémie alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Vyombo vyake alishavituma Kolwezi kwa lori, kwa hiyo jicho la kanisa zima lilikuwa mimi peke yangu.

Nilibana viwiko. Nilizuia pumzi. Mtu alizamishwa, akatoka na kelele, maji yakaruka, nikabonyeza. Mwingine akaingia, akatoka, nikabonyeza. Nilijiona mtulivu sana. Sasa nadhani haukuwa utulivu, ni vile tu hakuna kitu ndani kilichokuwa kinasogea.

Walipomaliza, Mama Pasteur alikuja sketi yake ikichuruzika maji, akina mama wengine nyuma yake. Nikawafungulia picha.

Ng'ambo ya mto kila unyasi ulionekana. Kulikuwa na mbuzi amefungwa huko, na ndevu zake ungeweza kuzitenganisha moja moja. Mbele yake, majini, palipokuwa na mchungaji na watu, palikuwa na ukungu mweupe wenye mikono. Picha ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Picha baada ya picha, mbuzi yuko safi.

Mama Pasteur alizitazama zote bila haraka.

"Hii mbuzi," akasema mwishowe, "nayo ilibatizwa?"

Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Na mimi nilicheka, kwa mdomo. Kijana mmoja aliyekuwa bado amelowa maji akasema yeye yuko tayari kurudi mtoni apigwe picha tena. Mchungaji akamgeukia. "Ubatizo iko mara moja, ndugu. Mungu alishakuona, hakungoja picha."

Nikatazama ule ukungu na kutafuta aibu ndani yangu. Sikuipata. Nilifikiria lori la Jumatatu, na hilo nalo nililifikiria kama linakuja kumchukua mtu mwingine.

Papa Jérémie akaniomba kamera. Akaikuza picha, akaisogeza kwa kidole, akairudisha.

"Hii haiko kutetemeka," akasema. "Ukitetemeka, bintu yote inaharibika pamoja, mbuzi na muntu. Hapa mbuzi iko muzuri, bantu njo babaya. Haukungoja kamera ishike bantu."

Kitufe cha kamera hizi, kwa wasiojua, kina ngazi mbili. Unabonyeza nusu kwanza na kusimama hapo. Kamera inatafuta sura ya mtu unayemlenga, inaishika. Ndipo unamalizia, nayo inapiga. Ile nusu huioni popote, unaisikia kwenye ncha ya kidole, kama kigingi kidogo. Mimi nilijua hayo yote. Nilidhani nayafanya.

"Weye unapita moja kwa moja, kama muntu anafunga mulango," Papa Jérémie akasema. Kisha akanitazama. "Leta kidole."

Akang'oa unyasi mkavu, akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. Nikasikia kwaya wakikunja vitu vyao, nikasikia maji.

"Nachoma wapi?"

"Haujaanza, Papa."

Nikafumbua macho. Ncha ya unyasi ilikuwa imesimama juu ya kidole changu cha shahada, na unyasi wote umepinda kwa jinsi alivyokuwa anausukuma.

"Ile marto?" akauliza.

"Ile marto."

Akautupa unyasi. Hakunipa pole, na nilimshukuru kwa hilo.

Tukafikiri pamoja. Kamera inaweza kulia kidogo ikishamshika mtu, lakini mchungaji alishakataza mlio huo wakati wa maombi, na masikio yangu baada ya marto si masikio ya kutegemea. Kuna pia taa ndogo ya kijani kwenye kona ya kidirisha. Inachelewa, kidole changu kimeshapita. Na ukikaa kutazama kona, alisema Papa Jérémie, bantu banakupita katikati.

Mama Béa alikuwa amesimama pale muda wote. Akafungua mkoba, akaitoa ile ya zamani, akakisukuma kiswichi cha lenzi kwa ukucha.

"Bon. Muzee ajaribu na muzee mwenzake."

Nikaweka jicho kwenye kidirisha. Ukingo wa mto ulikuwa unacheza juu chini, kama unavyocheza kila kitu ninachokitazama nikiwa nimeshika kitu. Nikaanza kushusha kidole polepole, bila kujua kimefika wapi.

Ghafla ukingo ukatulia.

Kule nje hakuna kilichobadilika. Ni ndani ya kidirisha tu, kila kitu kiliacha kucheza na kusimama, kama nguo kwenye kamba upepo unapokatika. Nikaganda hapo hapo. Nikaelewa. Stabilisateur inalala mpaka kitufe kifike nusu. Kikifika, inaamka, nawe unaiona kwa jicho ikiamka. Ile nusu ambayo kidole changu hakiwezi kuisikia, lenzi ilikuwa inanionyesha.

Nikasubiri kidogo, nikamalizia. Nikaifungua picha. Mbuzi hakuwemo. Alikuwemo Mama Ngoie, mkubwa kuliko wote waliobatizwa, amejifunga taulo kichwani, anakamua kanzu yake.

Wingu lilikuwa limeshaanza kulala juu ya vilima. Mama Pasteur akaita wote wasimame na kanzu zao zilizolowa, picha ya pamoja kabla ya mvua. Mama Ngoie akapita mbele yangu kwenda kwenye mstari. "Utupige kama bantu, papa," akasema. "Mbuzi umeshamaliza."

Niliwatazama wakicheza ndani ya kidirisha, weupe, wanasukumana. Nikashusha kidole. Wakatulia. Nikasubiri mpaka na wao wenyewe waache kusukumana, kwa sababu hilo, lenzi haiwezi kunifanyia. Nikamalizia. Mwanga ulikuwa umepungua, na hapo stabilisateur ilifanya pia ile kazi yake ya kawaida. Ukikuza ile picha, unaona matone kwenye kope za watu.

Mama Pasteur aliitazama muda mrefu.

"Hii, sawa," akasema. "Na ya ndani ya maji?"

"Haiko, Mama."

"Banakuja kuniuliza minye, habakuulize weye." Akafunga kitenge chake vizuri. "Jumamosi kuko ndoa. Kuya na hii kamera ya kizee. Nitatazama ndoa, kisha nitasema."

Kwa hiyo nafasi sijaipata, na sijaikosa. Watu walioingia majini leo hawatakuwa na picha inayowaonyesha wakitoka majini. Kijana yule ataoa, atazaa, na ukutani kwake hakutakuwa na siku hii. Nimeandika jambo hili hapa ili niendelee kulitazama, labda baadaye litaniuma inavyotakiwa.

Sasa jibu la yule msomaji. Ndugu, kama vidole vyako ni vizima na unapiga watu mchana, usichague kamera kwa sababu ya stabilisateur. Chagua ile inayokaa vizuri mkononi mwako na ambayo lenzi yake haina ukungu ndani. Kama utapiga kanisani jioni, umeme umekatika, mchungaji amesimama wima anaomba, hapo itakusaidia. Harusi ikianza kucheza, haitakusaidia, tafuta mwanga. Ukiiweka kamera juu ya miguu mitatu, izime. Hayo ndiyo wanayosema wote, na ni kweli.

Na kama umeshika marto kama mimi, chukua yenye stabilisateur, hata ikiwa imebanduka mpira. Sababu yake hutaikuta kwenye video.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Papa Jérémie, chini ya mwavuli mmoja ambao haukutosha hata mtu mmoja. Nilikuwa namwambia jinsi kidirisha kinavyotulia, nikarudia na kurudia. Akaniacha nimalize.

"Kamera inakuonyesha nusu," akasema. "Lakini haitakufinyia kitufe. Kidole kikifa chote, utafanya na nini?"

Akaongeza, "Jumatatu unarudia ile marto?" Tulikuwa tumefika kwenye njia panda ya kwake, akaniachia mwavuli.

Mke wangu amenipigia nilipoanza kuandika. Kila Jumapili ananiuliza habari za mwili, nami kila Jumapili nasema mwili uko. Leo nimemwambia habari ya vidole. Sijui kwa nini leo. Labda kwa sababu ya ule unyasi.

"Vifungo vya shati unafunga namna gani?" akauliza.

"Natazama."

"Na Nyota, ukija, utamushika mukono. Utasikia?"

Nikamwambia gumba bado linasikia.

"Basi hiyo gumba usiipeleke tena kwa mashine," akasema. Kisha akaanza kunieleza kuhusu paa la jikoni, kwa sauti ile ile. Nilisikiliza habari ya paa mpaka mwisho.

Kwa hiyo hivi. Huko kazini kuna watu wa marto na kuna watu wa beleshi. Watu wa beleshi wanakusanya mawe tuliyopasua na kuyapakia. Ni kazi ya wageni, wanaoanza, na mshahara wake ni mdogo kuliko wangu. Kapita, msimamizi wetu, ataniuliza kama nimelewa. Mwanaume hatoki kwenye marto kwenda kwenye beleshi, anatoka kwenye beleshi kwenda kwenye marto. Wenzangu watanipa jina, na jina hilo litakaa.

Beleshi linauma mgongo. Mgongo ukiuma, unausikia.

Mvua inapungua. Redio ya jirani imerudi, anaimba nayo, anakosea maneno. Kamera ya zamani iko hapa juu ya godoro. Mama Béa amesema nikae nayo mpaka ndoa ipite. Kabla ya kuandika aya hii nimeichukua, nikatazama ukutani, pale kwenye msumari ninapotundika kofia yangu ya kazi. Ilikuwa inacheza sana, juu chini, juu chini, kama niko nayo kichwani na mashine imewaka. Nikashusha kidole mpaka ikatulia.

Sikupiga picha. Nimebaki hapo kwenye nusu, muda, naitazama kofia isiyotikisika.

Kesho lori likipiga honi nitapanda. Nitakwenda kwa kapita kabla hajagawa mashine, nitamwambia anipe beleshi. Akikataa, sijui nitajibu nini. Ninachojua ni kwamba marto sitaishika.